Rafu za kahawia kwenye shina la mkrismasi: tuukate au tuuache?

Shikamoo Mzee wa Miti,

Naomba msaada wako kabla nyumba haijagawanyika kwa ajili ya mti. Uani kwetu upo mkrismasi mkubwa, huu wa maua mekundu, uliopandwa na baba mkwe wangu kabla sijaolewa. Shina lake kwa chini lina upana wa kama sentimita 80. Ukuta wa chumba wanacholala watoto uko hatua chache tu kutoka hapo, na kwenye tawi kubwa tumefunga bembea.

Msimu wa mvua uliopita niliona kitu kimetokeza chini kabisa ya shina, karibu na udongo: kigumu kama ubao, juu cha kahawia, ukingo mweupe. Nikadhani ni gome limebenuka. Sasa viko vitatu, viwili upande wa barabara na kimoja upande wa nyumba, na kikubwa kinazidi kiganja changu. Juu yake na kwenye majani yanayokizunguka pana vumbi la rangi ya kakao. Nikilifagia, baada ya siku mbili limerudi. Mume wangu alivikwangua kwa panga, akapaka oili chafu. Vimeota tena palepale, na safari hii ni vipana zaidi.

Tangu hapo nauangalia mti mzima kwa wasiwasi, na nimeona mengine. Matawi yana madoa ya kijivu na kijani yaliyogandamana na gome. Tawi moja kavu limejaa viyoga vidogo vyeupe vyenye manyoya, mfano wa vipepeo waliotua. Na mvua ikinyesha, kwenye nyasi huota viyoga vya kahawia ambavyo, cha ajabu, vinajipanga mstari mmoja ulionyooka kutoka getini kuelekea jikoni.

Jirani anasema mti umeshikwa na fangasi, ukatwe leo. Kijana mmoja anayepuliza dawa za mimea anasema atatoboa shina aupige sindano, utapona. Baba mkwe hataki kusikia lolote kati ya hayo. Anasema majani ni mabichi, maua yalitoka vizuri, na mti wenye pango unaweza kutuzika sisi sote. Ni kweli upande wa barabara majani yamekuwa machache, ila yeye anasema ni jua. Mume wangu yuko katikati, kanyamaza.

Je, hivi vyote ni ugonjwa mmoja? Kipi nikiogope? Dawa ipo? Na tukilazimika kuukata, tunaweza kupanda mwingine palepale ili mzee asiumie sana?

Sijui kama hili linahusu: miaka miwili iliyopita tulichimba mtaro wa bomba la maji upande wa barabara, ukapita kama mita mbili kutoka kwenye shina.

Ni mimi,
Mkwe wa Mwenye Mti

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, kaifungue hiyo bembea. Sisemi mti utaanguka leo. Nasema uamuzi kuhusu mti unaweza kusubiri wiki moja au mbili, lakini watoto hawana sababu ya kucheza chini yake wakati tunaamua. Na siku za upepo mkali walale chumba kingine.

Ulivyoviona si ugonjwa mmoja. Ni vitu vinne tofauti: viwili havina kesi, kimoja ni shahidi, na kimoja ndicho kinachonipa hofu. Hilo la mtaro uliloliweka mwisho kama la ziada ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili.

Tuanze na yasiyo na kesi. Madoa ya kijivu na kijani ni kuvumwani, au likeni kama wengine wanavyosema. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu humpa makazi na unyevu. Hawanyonyi mti. Gome kwao ni pa kukaa tu, ndiyo maana utawakuta pia juu ya mawe na mapaa. Usiyakwangue madoa hayo, usiyapake chokaa. Ila uangalie jambo moja: likeni hupenda mwanga, kwa hiyo tawi likipoteza majani, yenyewe hustawi, kisha watu wakaisingizia kuwa ndiyo iliyoleta unyonge. Kama imezidi upande wa barabara kuliko upande wa nyumba, imekuja baada ya majani kupungua.

Viyoga vyeupe vyenye manyoya kwenye tawi kavu, kwa maelezo yako, nadhani ni *Schizophyllum commune*. Chuma kimoja ukigeuze. Ukiona vile vikunjo vyembamba vya chini kila kimoja kimepasuka katikati kwa urefu wake, ndicho hicho. Jua likiwaka hukauka na kujikunja, mvua ikirudi hujikunjua na kuendelea kutoa spora, yaani chembe zake za uzazi. Yuko katika mabara yote isipokuwa Antaktika, na kazi yake kubwa ni kula mti uliokwisha kufa. Tawi lilikufa kwanza, yeye akafuata. Likate kwa sababu ni kavu na litamwangukia mtu, si kwa sababu lina uyoga. Siku ukimwona kwenye gome la shina lenyewe, hapo ujue kipande hicho cha gome kimeshakufa, mara nyingi kwa kuungua na jua au kuchunwa, hata kama pembeni pako hai.

Sasa huyo shahidi. Mtu akiona uyoga chini ya mti husema ni wa mti huo. Kuna miti ambayo ni kweli. Misonobari, mikaratusi na miti mingi ya misitu ya miombo hushirikiana na kuvu zinazofunika ncha za mizizi yao na kuisaidia kupata maji na fosforasi, na uyoga wa kuvu hizo hutokeza juu ya ardhi. Misonobari iliyopelekwa katika baadhi ya nchi za joto ilidumaa kabisa mpaka ilipoletewa udongo wenye kuvu hizo. Lakini mkrismasi haumo katika kundi hilo. Kuvu zinazoshirikiana nao hujificha ndani ya mizizi na hazitoi uyoga wa kuonekana kwa macho. Basi hivyo viyoga vyako vinakula kitu kingine, na kitu kinachooza kwa mstari ulionyooka uani ni kimoja tu. Nenda kasimame hapo mvua ikinyesha, uone kama hufuati njia ya bomba. Kuna mizizi iliyokatwa ikafia ardhini, na viyoga vinaila. Mti hauwaogopi hao. Wanachokuonyesha ni kiasi cha mizizi mlichoukata.

Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana kama watu wanavyodhani. Hukaa ndani ya sentimita 60 hivi za juu za udongo, na husambaa kupita kivuli cha matawi. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa Uingereza huweka eneo la kutoguswa kuzunguka shina lenye umbali wa mara 12 ya upana wake. Kwa mti wenu hiyo ni karibu mita tisa na nusu. Ninyi mlipita mita mbili. Umbali huo mizizi bado ni minene, na ndiyo inayoushika mti usimame. Mkrismasi wenyewe una mizizi ya juujuu na mbao dhaifu, kwa hiyo haukuwa na akiba kubwa ya kupoteza.

Tuje kwenye rafu za kahawia. Kwa sura, kwa mahali zilipo na kwa hilo vumbi, hizo ni za jamii ya kuvu iitwayo *Ganoderma*, inayoozesha mbao. Jihakikishie hivi: chungulia upande wa chini ambao ni mweupe, uukwaruze kwa kijiti. Ukigeuka kahawia papo hapo, si rahisi kuwa kitu kingine. Vumbi la kakao ni spora. Hutoka kwenye vitundu vidogo vya upande wa chini, hewa ikazipeperusha na kuzilaza juu ya rafu na kila kilicho karibu. Uyoga mmoja mkubwa wa *Ganoderma applanatum* hukadiriwa kutoa spora zipatazo bilioni 30 kwa siku moja, kwa hiyo ufagio hautakusaidia.

Panga nalo halisaidii. Uyoga ni tunda. Ukichuma maembe hujaua mwembe. Kuvu yenyewe ni nyuzinyuzi nyembamba zilizomo ndani ya shina na mizizi, na kwa kawaida huwa zimekula humo miaka mingi kabla ya kutoa rafu ya kwanza. Ndiyo maana sidhani mtaro ndio ulioileta. Miaka miwili ni michache mno. Yaelekea kuvu ilikuwamo tayari, ikaingia zamani kwa jeraha la mzizi au la shina, na mti ulikuwa ukiizuia kidogo kidogo. Mlipokata mizizi ya upande ule, mti ukakosa nguvu za kuendelea kuzuia.

Mwambie baba mkwe kwamba kuhusu pango hajakosea, na mimi niko upande wake kwa kiasi. Miti haiponi majeraha kama ngozi inavyopona. Hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha huota mbao mpya nje yake. Alex Shigo wa Marekani aliyaonyesha haya katika miaka ya 1970 baada ya kupasua maelfu ya miti kwa urefu kwa msumeno na kuangalia uozo ulipoishia. Kwa hiyo mti unaweza kuwa mtupu ndani na ukaishi miaka mingi sana. Na shina lililo tupu kama bomba si dhaifu kama linavyoonekana: shina la mviringo likiwa na uwazi wa asilimia 70 ya upana wake, bado limepoteza karibu robo tu ya uwezo wa kuhimili kupinda. Uwazi ukifika asilimia 90, limepoteza karibu theluthi mbili. Mjerumani Claus Mattheck alipendekeza kwamba ukuta mzima uliobaki uwe angalau asilimia 30 ya nusu ya upana wa shina. Kwa mti wenu ni sentimita 12. Wataalamu wengi wanaibishia kanuni hiyo, na wana haki, kwa sababu inadhani pango liko katikati sawasawa na ukuta wake haujafunguka popote.

Hapo ndipo mzee na mimi tunapoachana. Pango la katikati ya shina ni jambo moja. Uozo wa kitako na mizizi ni jambo jingine kabisa, maana hapo hakuna tena umbo la bomba. Kuna mizizi kadhaa minene, na kila mmoja una kazi yake. *Ganoderma* hupenda kukaa hapo hapo. Hula lignini inayozipa mbao ugumu pamoja na selulosi inayojenga nyuzi zake, mbao zikabaki nyeupe, laini, zenye nyuzi na maji, ukibonyeza zinabonyea. Rafu zikiwa pande mbili zinazotazamana, kama zenu, maana yake uozo umeshavuka katikati.

Na majani mabichi? Majani hulishwa maji na mbao changa za nje, chini tu ya gome. Mbao za ndani hazipelekei majani chochote. Kazi yake ni kubeba uzito. Kuvu ikila ndani, majani hayana habari. Miti mingi inayong'olewa na upepo huanguka ikiwa na majani yake yote. Ukiniuliza mimi, ubichi wa majani ndio ushahidi dhaifu kuliko wote katika kesi ya namna hii, na ndio watu wanaoutegemea zaidi. Kinyume chake si hivyo: majani yakipungua upande mmoja, mizizi ya upande huo ina shida. Ila pima kwa haki. Mkrismasi hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo linganisha upande wa barabara na wa nyumba wakati wote umechipua.

Sasa fanya uchunguzi mdogo mwenyewe kabla hujamwita mtu. Chukua nyundo ya mbao, ugonge shina kuanzia usawa wa kiuno kwenda chini, ukizunguka. Mbao nzima hujibu kwa sauti kali na fupi. Penye uozo sauti hupooza au huvuma. Weka alama ya chokaa kila inapobadilika. Kisha chukua chuma chembamba, hata bisibisi ndefu, usukume taratibu pale mizizi mikuu inapotoka kwenye shina, hasa chini ya rafu na katikati ya mizizi miwili. Usitoboe mbao ngumu; unatafuta mahali panapopokea chuma bila ubishi. Zunguka mti mzima, halafu hesabu: kati ya mizizi mikuu yote, mingapi ni mizima?

Ukimaliza, tazama udongo. Ukiona ufa wa mviringo mita moja au mbili kutoka shinani, au ardhi inayoinuka kidogo mti ukiyumba, acha uchunguzi, ondoa watu, na tafuta mkataji siku hiyohiyo. Angalia pia kuinama. Mti ulioinama tangu utotoni hujikunja kwa juu na kurudi kutafuta wima. Uliolala karibuni umenyooka mzima kwenye mwinamo wake.

Kuhusu tiba nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna. Hakuna dawa inayoondoa uozo ndani ya shina. Sindano ya huyo kijana itatoboa zile kuta ambazo mti umejenga kwa miaka, na kuipa kuvu njia ya kuingia kwenye mbao ambazo ilikuwa haijazifikia. Mwambie asante, basi. Oili chafu haifiki kuvu ilipo, inachafua udongo na kuumiza gome. Na wapo wanaojaza saruji kwenye pango: saruji haipindi pamoja na mti, inasugua ndani, na siku ya kukata inaharibu msumeno. Rafu zenyewe ziacheni zilivyo mpaka mtaalamu azione. Mkiziondoa, mnaondoa ushahidi wa uozo ulipo, na yule atakayekuja baadaye ataona kitako kisafi na kuwaambia mambo ni mazuri.

Najua wapo wasomaji watakaokwenda kwenye miti yao wakakuta kitu kisichofanana na chako, kwa hiyo niongeze kidogo. Jambo la kwanza la kuuliza si jina la uyoga. Ni umeota wapi. Kwenye tawi kavu, hatari ni tawi. Kwenye jeraha la juu ya shina, hatari ni kuvunjika pale. Kwenye kitako na mizizi, hatari ni mti mzima. Jina huja baadaye, lina faida ya kukuambia uozo ni wa kasi gani na unavunjaje. Rafu laini za njano na chungwa, zilizopangana moja juu ya nyingine, mara nyingi ni *Laetiporus*, ambayo hula selulosi na kuacha mbao za kahawia zinazopasuka vipande vya mraba na kusagika vidoleni. Mbao za namna hiyo hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Gamba jeusi linalofanana na mkaa ulioungulia chini ya shina, ukiligonga linavunjika, huenda ni *Kretzschmaria deusta*. Hilo watu hulipita wakidhani mtu alichoma taka hapo, na mti wake unaweza kuwa na majani mazuri kabisa hadi siku unapokatika.

Kuna mawili ya kuogopa zaidi, kwa sababu huhama mti hadi mti kwa kugusana mizizi. La kwanza ni *Armillaria*. Hutoa vishada vya uyoga wa rangi ya asali kwenye kitako, aghalabu wenye pete kwenye kikonyo. Uyoga wake huonekana kwa muda mfupi tu, kwa hiyo inua kipande cha gome lililokufa chini ya shina: utando mweupe uliotandaa kama feni chini yake, wenye harufu kali ya uyoga, ndio alama yake. Katika jimbo la Oregon, Marekani, kuvu moja ya jamii hii imetandaa chini ya msitu kwa zaidi ya hekta 900, na inakadiriwa kuwa na umri usiopungua miaka 2,400. La pili ni la nchi za joto, *Phellinus noxius*, ambalo hushambulia zaidi ya aina 200 za mimea. Huvisha kitako cha mti soksi ya kahawia yenye ukingo mweupe-njano, ikipanda juu taratibu, na mizizi yake ukiichimbua imegandamana na mchanga na vijiwe. Mkrismasi ni mmoja wa miti inayoshikwa nayo, kwa hiyo na wewe hakikisha kwamba juu ya udongo huna soksi hiyo pamoja na hizo rafu.

Nirudi kwako. Kama mti huu ungekuwa katikati ya shamba, ningesema uacheni. Popo, ndege na wadudu wangeupangisha vyumba, na siku ya kuanguka ungeanguka pasipo na mtu. Lakini uko penye ukuta wa chumba cha watoto. Una rafu pande mbili za kitako, upande mmoja umekatwa mizizi, na upande huohuo majani yanapungua. Kila moja peke yake ningeijadili. Zote kwa pamoja, mimi ningeukata. Kitu pekee kitakachonibadilisha ni kipimo cha mtu mwenye vifaa. Kuna kifaa kinachotuma mlio ndani ya shina kwa vihisio vilivyofungwa kulizunguka na kuchora uozo ulipo, na kuna kisindano kirefu chembamba kinachopima ukinzani wa mbao. Afisa misitu wa eneo lenu au idara ya mimea ya chuo kikuu ndipo pa kuanzia kuulizia. Wakipima na kukuta mizizi mingi bado mizima, inawezekana kupunguza urefu wa matawi ili upepo usiwe na pa kushika, na mti ukapimwa upya kila mwaka. Wasikate vichwa vyote kwa mara moja. Mti usio na majani hauna nguvu za kujenga kuta. Na atakayeukata awe mzoefu. Mti uliooza kitako hauanguki kule ulikochongewa, kwa hiyo ushushwe kipande kipande kwa kamba kuanzia juu, na mkataji aambiwe kuhusu uozo kabla hajapanda.

Kuhusu mzee, sikushauri ubishane naye wewe. Mwombe mwanawe amkaribishe wazunguke mti pamoja na hiyo nyundo na bisibisi. Asiambiwe neno. Apewe nyundo yeye mwenyewe, agonge juu, halafu agonge chini upande wa barabara. Mtu aliyepanda mti kwa mkono wake huutambua mlio wake kuliko mimi niliyeko huku. Na anyamazishwe mtu yeyote atakayemwambia kwamba hakuutunza. Mtaro haukuchimbwa na yeye.

Swali lako la mwisho: palepale, hapana. Kuvu itaendelea kuishi kwenye kisiki na mizizi iliyobaki ardhini kwa miaka, na mzizi wa mti mpya ukiugusa wa zamani umeambukizwa. Ng'oeni kisiki na mizizi minene kadiri mnavyoweza, msifukie vipande vyake, na hapo pandeni nyasi au maua ya kawaida. Mti mpya uende kona nyingine ya kiwanja, mbali na ukuta na mbali na njia ya bomba. Lakini unaweza kuwa mtoto wa mti huohuo, maana kuvu hii haisafiri ndani ya mbegu. Mzee achume matunda yaliyokauka, yale maganda marefu ya kahawia, kabla mkataji hajaja. Ganda la kila mbegu iliyomo ni gumu na halipitishi maji, kwa hiyo kila mbegu ikwaruzwe kwa msasa upande mmoja mpaka rangi ya ndani ionekane, kisha zilowekwe usiku kucha. Zitakazovimba zipandwe siku hiyo. Ambazo hazikuvimba zirudishwe kwenye msasa.